Chale za Upande wa Kulia

Mbuzi mliyenipa siku ya kuniaga amekwisha kula miche yangu miwili ya mipapai, kwa hiyo sioni sababu ya kuchelewesha lile ombi lenu lingine, kwamba niandike niliyoyaona kazini ili nanyi mnaobaki kwenye chumba cha altrasaundi muwe na cha kusoma umeme unapokatika. Vyeo nitaviruka. Mshahara mnaujua, maana nanyi mnaulalamikia. Nitaanzia nilikoanzia, kwa sababu baadhi yenu mnadhani nilizaliwa nimeshika mashine.

Nilizaliwa Sapiwi, huku huku Bariadi, mtoto wa wakulima wa pamba. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na nilipoona wazee wanaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari nilipanda gari la mizigo hadi Mwanza, kisha treni hadi Dar es Salaam, kwa shangazi ambaye hakuwa akinitarajia. Nilianza kazi hospitalini nikiwa mfagiaji. Sisemi hivyo ili mnionee huruma. Sakafu ya wodi naijua kuliko daktari yeyote, na mgonjwa huongea mambo mengi mbele ya mtu mwenye ufagio. Nilisoma jioni, nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi, nikarudia hesabu, nikafaulu, nikaingia chuo cha utabibu. Diploma yangu ina jasho. Zipo digrii zilizopatikana chini ya kiyoyozi. Sizichukii, ila hazinitishi.

Kitu kimoja tu nilikificha mjini. Utotoni bandama yangu ilivimba kwa malaria zisizokwisha, na bibi akanipeleka kwa mganga. Mganga alinichanja chale kushoto, chini ya mbavu, mistari mifupi kama matuta ya viazi yanavyoonekana kutoka mlimani. Chuoni wenzangu wa pwani waliziona bafuni wakauliza. Nikasema niliungua. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa mwisho kuoga, na nikajifunza kusema "mambo" badala ya "mwangaluka", salamu yetu ya Kisukuma.

Aliyenifundisha altrasaundi ni Bwana Sefu, fundi wa mionzi mwenye koti jeupe lililokwisha kugeuka rangi ya chai. Siku ya kwanza alinipa kile kichwa cha mashine tunachopitisha juu ya tumbo, akanilaza mpishi wa hospitali mezani, akakaa nyuma yangu.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Ugonjwa."

"Ukitafuta ugonjwa utaupata hata kwenye ukuta huo. Nionyeshe kwanza kilicho kizima."

Kwa miezi mingi hakunipa mgonjwa. Nilipima wapishi, walinzi, madereva, hata mke wake aliyekuwa akimletea chakula cha mchana. Nilikasirika sana, maana niliona ananichelewesha. Kumbe alikuwa ananipa kipimo cha kupimia vingine vyote. Mtu aliyeona ini zima mara nyingi hahitaji kubahatisha ini bovu. Mniambie nani mwingine Simiyu yote alifundishwa hivyo, nami nitanyamaza.

Niliporudi Bariadi, watu walijua la kusema. Mtu akitoka Dar na mabegi yake yote, ama amefukuzwa kazi ama anaumwa. Nilirudi kwa sababu hospitali yetu ilikuwa imepata mashine na haina mtu wa kuishika, basi. Mashine yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, kioo chake kidogo kuliko cha televisheni ya kinyozi. Jeli ilipokwisha nilipika yangu: unga wa muhogo, maji na chumvi kidogo, unakoroga mpaka ilainike, kisha unaiacha ipoe. Kuiacha ipoe ni hatua muhimu. Mwanafunzi mmoja aliiruka, na mgonjwa wake anamsalimia kwa mbali mpaka leo.

Ambacho Bwana Sefu hakunifundisha ni salamu. Mjini unasema "lala hapa, vuta pumzi, zuia", kazi imekwisha. Huku ukimgusa mama wa watu tumbo kabla hamjaulizana habari za nyumbani, za mvua na za ng'ombe, anakaza tumbo kama ngoma na huoni kitu. Nikarudia Kisukuma changu taratibu, kwa ajili ya kazi tu. Nje ya meza ile niliendelea kuwa "Tabibu wa Dar". Ndivyo hospitali nzima ilivyoniita, na jina nililipenda.

Sasa nifike kwenye kisa mnachokisikia nusu nusu.

Mnajua wagonjwa wetu wa ukanda wa ziwa. Mtu anatoka Busega, ameingia majini tangu utotoni, kichocho kimelifanya ini kuwa gumu, bandama imejaa upande wa kushoto, na mishipa ya umio imevimba mpaka inapasuka. Anatapika damu beseni zima. Tuliwaona wengi kiasi kwamba wodini kulikuwa na usemi waliofundishwa hata wanafunzi: chale kushoto, damu mdomoni, anatoka ziwani, andika kichocho. Mganga alikwisha kukupimia bandama kwa wembe, wewe unasoma tu. Na kwa kweli mara nyingi usemi ule ulikuwa sawa. Ndiyo maana uliaminika.

Mama Kulwa alikuwa muuza dagaa wa Lamadi, mwanamke mrefu, mama wa mapacha kama jina lake linavyosema. Alikuja akitapika damu, na tumboni kushoto ana chale. Akaongezewa damu, akapewa dawa za kichocho na vidonge vya kutuliza ile mishipa, akaruhusiwa. Akarudi. Akaongezewa, akaruhusiwa. Akarudi tena, safari hii macho yana unjano na viganja vyeupe kama unga wa sembe. Altrasaundi hakuwahi kuletwa, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umejulikana tangu mlangoni, na mimi nilikuwa na foleni ya wajawazito.

Mume wake, Baba Kulwa, alinisimamisha kwenye korido, akanisalimu kwa Kisukuma. "Tabibu, mwadila. Ndugu wenye damu wamekwisha. Kaka zangu wote wametoa. Amebaki shemeji, naye akiona sindano ya ng'ombe tu anakimbia. Akitapika tena namwekea nini?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Benki ya damu ilikuwa imekauka. Chupa iliyokuwa ikiingia mkononi mwa mkewe wakati huo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Wodini alikuwa amefika daktari mpya, Daktari Elisha, kijana wa Dodoma aliyetoka kumaliza digrii. Yeye ndiye aliyeagiza kipimo, akaandika kwa ufupi: pima bandama. Sista Veronika, muuguzi kiongozi wa wodi ya wanawake, alimleta mgonjwa kwa kiti cha magurudumu. Sista huyu alikuwa hodari kuliko wauguzi wote niliofanya nao kazi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe wa mganga yeyote.

"Mwadila mayo," nikamsalimu mgonjwa, yaani mchana mwema mama.

"Mwadila," akajibu, kwa sauti ya mtu anayetunza pumzi.

"Kwenu ni Lamadi kabisa?"

"Nimeolewa Lamadi. Nimezaliwa Dutwa."

"Kumbe mtu wa pamba."

"Wa pamba, nikageuzwa wa dagaa."

Nikaanza na kilicho kizima, kama nilivyofundishwa. Nilitazamia kwamba kushoto sitapata kizima chochote, lakini bandama ilikuwa imetulia mahali pake, ndogo, safi. Nikaipima tena.

"Vipi, imejaa eeh?" Sista Veronika akauliza.

"Ndogo."

"Mashine yako imechoka."

"Mashine imechoka, mimi sijachoka."

Nikaenda kwenye ini. Laini. Mshipa mkubwa unaoingia ini, ambao kichocho huuzungushia makovu meupe, ulikuwa wa kawaida. Nikasogea kulia, chini ya mbavu, nikabonyeza kidogo. Mama Kulwa akanidaka mkono. Na pale vidole vyangu vilipokwama, chini ya jeli ya muhogo, nilihisi mistari. Chale nyingine, upande wa kulia, nyingi, bado zina magamba.

Nikaomba radhi, nikaendelea polepole. Kifuko cha nyongo kilikuwa na kuta nene. Ndani yake kulikuwa na jiwe, na nyuma ya jiwe kivuli cheusi, kama inavyopaswa, maana jiwe huzuia mawimbi ya mashine. Pembeni ya jiwe kulikuwa na donge lisilo na kivuli. Nikamgeuza ubavu. Jiwe likaviringika, donge likajivuta nyuma yake bila haraka. Tope la nyongo nimeliona mara nyingi, nalo hulala chini kama matope ya lambo. Hili lilikuwa na umbo. Lilifanana na damu iliyoganda.

Picha peke yake haitoshi, vijana. Nilihitaji kujua habari za maumivu.

"Mayo, hizi chale za kulia ni za lini?"

Akamtazama Sista kwanza. "Za zamani."

"Hii bado ina gamba."

"Za utotoni," akasema, akaangalia dari.

"Anakudanganya huyo!" Sista Veronika akadakia. "Wakitoka huku wanapita kwa mganga, wakitoka kwa mganga wanapita huku. Hospitali imekuwa stendi! Mama, mara ngapi nimekwambia usiende kuchanjwa?"

"Sijaenda, Sista."

Uso wa mgonjwa ukajifunga. Nyuso za namna ile nimeziona nyingi, na hazifunguki kwa mahubiri. Nikajua kwamba tukibaki hivyo atarudishwa wodini, atatapika tena, na atakufa akiwa na jibu ambalo sisi ndio tuliomfundisha kulificha.

Nilifikiri kidogo. Sitasema nilifikiri sana. Nikafuta mikono, nikafungua koti, nikapandisha blauzi mbele ya Sista Veronika, ambaye kwa miaka yote alinijua kama mtu wa mjini asiyejua hata njia ya kwa mganga.

"Mganga wa Sapiwi," nikamwambia mgonjwa kwa Kisukuma. "Bandama. Na yako ya kushoto?"

Mama Kulwa akainua kichwa, akazikagua chale zangu kama anakagua dagaa wa mtu mwingine. Kisha akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Wako alikuwa na mkono mbaya," akasema. "Mistari imepinda."

"Nilikuwa napiga mateke."

"Basi yangu ya kushoto ni hiyohiyo. Utotoni, Dutwa, homa. Hizi za kulia ni za juzi juzi. Maumivu yanaanzia hapa, yanapanda begani, yanakaba hata kumeza mate siwezi. Naenda kwa mzee mmoja Kiloleli, ananichanja, anapaka dawa. Haipiti siku natapika damu. Nikishatapika, maumivu yanakwisha kabisa. Mzee akasema hiyo ndiyo damu mbaya, imetoka. Sasa ningemkatalia vipi? Maumivu yalikuwa yamekwisha kweli."

"Na huku hospitali hukusema?"

"Huku mlijua ugonjwa wangu kabla sijakaa."

Sista Veronika akamwekea mama yule mto chini ya kichwa bila kumgombeza. Tangu nimjue ilikuwa mara ya kwanza.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kisa kilipo. Mishipa ya kichocho ikipasuka haiumi. Mtu anakaa anaongea na jirani, mara damu inajaa mdomoni. Mama huyu alianza na maumivu, ikafuata damu, kisha nafuu. Kama damu inavujia ndani ya kifuko cha nyongo, inaganda na kuziba njia nyembamba ya nyongo. Hapo mtu anaumwa, na macho yanakuwa ya manjano. Donge likisukumwa likatoka, njia inafunguka, maumivu yanapoa, na damu inamwagika kwenye utumbo na kupanda mdomoni. Mganga wa Kiloleli aliyaona yote matatu, tena kwa mpangilio sahihi. Alikosea maana yake tu.

Nikamwita Daktari Elisha. Akaniomba nianze upya mbele yake, kutoka kwenye bandama. Nikampenda hapo hapo, ingawa sikumwambia. Alipoona donge akasema, "Jiwe limekula ukuta mpaka kwenye mshipa wa damu. Inatokea mara chache sana. Nimeisoma, sijawahi kuiona."

"Mimi sijaisoma, nimeiona."

"Basi tukiwa wawili tumetimia, mama."

Nampa nusu ya sifa za siku ile. Kwa wanaonijua, nusu kutoka kwangu ni nyingi.

Akapiga simu Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa. Nilisimama karibu yake kiasi cha kusikia sauti ya upande wa pili ikisema, kwa uchovu, "Lamadi? Anatapika damu? Si kichocho hicho, daktari? Endeleeni na dawa, mleteni akitulia."

"Hatatulia," Elisha akajibu. "Bandama ni ya kawaida. Ini ni la kawaida. Naomba aingizwe kamera, na kamera isiishie kwenye umio. Ipite tumbo, ifike pale nyongo inapomwagikia. Na daktari wa upasuaji awe karibu."

"Mwambie kivuli," nikamnong'oneza. "Jiwe lina kivuli, donge halina."

Akafunika simu kwa kiganja. "Mama, niache niongee."

Nikamwacha. Baada ya mabishano ambayo sitayaandika, wakakubali kumpokea.

Ilibaki damu. Baba Kulwa alimleta shemeji, jitu la miraba minne linalobeba magunia ya pamba mawili mawili, sasa limejikunyata kwenye benchi. Sista Veronika akamkalia mbele. Nilitegemea matusi. Akamwambia kwa upole ambao sikuwahi kuusikia, "Shemeji, angalia ukutani. Nihesabie mijusi."

"Kuna mmoja tu, Sista."

"Mhesabu huyo huyo mpaka nikwambie basi."

Damu yake ikalingana. Alizimia baada ya kumaliza, soda ikiwa mkononi. Chupa yake ikawekwa kwenye gari la wagonjwa pamoja na Mama Kulwa na nesi. Njiani, wamekwisha kuipita Magu, Mama Kulwa alishika ubavu wa kulia, akasema yanakuja, na kweli akatapika tena. Chupa ya shemeji ndiyo iliyomfikisha Mwanza akiwa na mapigo ya moyo ya kuhesabika. Bila hiyo, haya yote niliyoyaona kwenye kioo yangekuwa hadithi ya kuoshea maiti.

Kamera haikukuta mshipa uliovimba kwenye umio. Ilipovuka tumbo ilikuta damu inachuruzika kutoka kwenye tundu la nyongo. Wakampasua. Kifuko kilikuwa kimegeuka ngozi nene, jiwe limejichimbia ukutani, na mshipa mdogo wa damu uko wazi kando yake. Wakafunga mshipa, wakatoa kifuko. Daktari yuleyule wa kwenye simu alimpigia Elisha mwenyewe kumwambia. Elisha akaja chumbani kwangu, akasema, "Wameniuliza nani alipima." Nikamwambia angewatajia na chuo nilichosoma.

Habari za blauzi yangu zilienea hospitali nzima kabla ya chai ya siku iliyofuata. "Kumbe Tabibu wa Dar ana chale!" Kuna waliokuja chumbani kwa kisingizio cha kuazima kalamu. Niliwajibu kwamba ninazo, na kwamba wao wana nini cha kuonyesha? Jina la Dar likafa polepole. Likaja "Mama Sapiwi", ambalo mmelitumia mpaka siku ya mbuzi. Mwanzoni lilinikwaruza. Baadaye niliona kwamba wagonjwa wanaoniita hivyo hawakazi matumbo.

Sista Veronika hakuniomba radhi, na sikumdai. Ila alianza kuuliza wagonjwa swali moja, kwa sauti ya kawaida, bila stendi wala mahubiri: "Hii ulichanjiwa nini, na lini?" Nanyi ulizeni hivyo. Chale ni habari ambayo mtu ameibeba kwenye ngozi yake. Ya kale ina yake, mpya ina yake, na asiyezitofautisha afadhali asizisome.

Mama Kulwa alirudi kutusalimu amenenepa, ana mfuko wa dagaa. Mshono wake ulikuwa umepita katikati ya zile chale za kulia kama barabara mpya kwenye shamba la watu. Akaniambia amekwenda Kiloleli kumwonyesha yule mzee.

"Akasemaje?"

"Kaukagua mshono, kaugusa gusa. Akasema, 'Mahali nilipajua. Wembe wangu ndio mfupi.'"

Nilicheka, nikadhani yameishia hapo.

Karibu na mwisho wa utumishi wangu alikuja mkulima mmoja kutoka Kiloleli, mzee mwenye macho ya manjano kidogo. Alikuwa hana karatasi ya rufaa wala barua ya zahanati. Baada ya salamu nilimlaza, nikafunua shati. Kulia, chini ya mbavu, alikuwa na chale moja, fupi, ya wembe safi.

"Mbona moja?" nikamuuliza.

"Mganga kasema nije kwako, Mama Sapiwi. Kasema hii si dawa. Kaniwekea moja tu ili usipotee."

Mimi, nipotee! Nilipaka jeli nikaanzia kushoto, kwenye kilicho kizima, nikaja taratibu kupitia ini. Nilipofika kwenye ile chale, jiwe lilikuwa chini yake, na kivuli chake.